Septemba 1963, toleo kwa toleo: shajara ya mwezi mmoja wa vibonzo

Tarehe 1

Nimeanza. Kazi niliyojipa mwezi huu ni kusoma vibonzo vyote vya mashujaa wa Marvel, kampuni ya Kimarekani, vilivyobeba tarehe ya Septemba 1963, na kuandika maoni ya kila toleo kabla sijafungua lingine. Sichagui yaliyo bora wala yaliyopata umaarufu. Nataka mwezi mzima kama ulivyomkuta mtoto wa Kimarekani mbele ya meza ya magazeti, senti zake zimeloa jasho mkononi. Toleo moja lilikuwa senti 12.

Mwezi huu una matoleo mawili ambayo kila mtu anayakimbilia: Avengers namba 1 na X-Men namba 1. Yote mawili yaliingia sokoni siku moja, 2 Julai 1963. Tarehe ya jalada isikuchanganye, maana wachapishaji waliitanguliza kwa miezi kama miwili ili muuzaji ajue lini aliondoe toleo mezani. Watu huyasoma hayo mawili, wakapiga makofi, wakaondoka. Mimi nataka kuona watoto hawa walizaliwa nyumba ya namna gani, na ndugu zao walikuwa wakifanya nini siku hiyo.

Orodha yangu ina matoleo manane: Avengers 1, X-Men 1, Fantastic Four 18, Amazing Spider-Man 4, Journey into Mystery 96, Tales of Suspense 45, Strange Tales 112 na Tales to Astonish 47. Sergeant Fury namba 3 nimeliweka pembeni kwa kuwa ni la vita. Nasoma kwenye kishikwambi, toleo moja kila siku tatu hivi. Alama juu ya kumi.

Tarehe 2

Kazi ya leo haikuwa kusoma, ilikuwa kutafuta maneno. Nimekubaliana na nafsi yangu kwamba kitu kizima ni kibonzo, kila kisanduku cha picha ni fremu, na lile duara la maneno juu ya kichwa cha mtu ni kiputo. "Katuni" nimeiacha kwa sababu mpwa wangu akisikia katuni anatafuta rimoti.

Mpwa mwenyewe ana miaka kumi na tatu, yuko hapa likizo. Filamu zote za mashujaa hawa amezimaliza, karatasi yao hajaigusa. Nimemwajiri kama msaidizi. Mshahara ni chipsi.

Tarehe 4. Avengers 1

Stan Lee ndiye mwandishi, Jack Kirby mchoraji, Dick Ayers ameipitishia wino michoro ya penseli. Loki amefungiwa kisiwani na anamtafutia kaka yake Thor ugomvi, kwa hiyo anamtumia Hulk kama chambo. Anamwonyesha kiinimacho cha baruti kwenye daraja la reli. Hulk anaruka kuiondoa, reli zinavunjika kwa kishindo chake, inabidi alishikilie daraja hadi treni ipite. Kesho yake nchi nzima inaambiwa Hulk ameharibu daraja. Rafiki yake kijana, Rick Jones, anawaita Fantastic Four, kundi lingine la mashujaa, kwa redio. Loki anayapotosha mawimbi yamfikie Thor peke yake, lakini yanadakwa pia na Iron Man, Ant-Man na Wasp. Yaani kundi linalojaza kumbi za sinema dunia nzima leo lilianzia kwenye simu iliyokosea namba.

Mpwa alisoma kurasa nne akainua uso. "Mjomba, Captain America yuko wapi?" Nikamwambia hayupo, ataingia toleo la 4, Machi 1964. Akaniangalia kama muuzaji aliyempimia kilo pungufu. Na Iron Man wake hamtambui: ni dhahabu mwili mzima, mviringo, kama debe lililopakwa rangi. Nyekundu itakuja miezi mitatu mbele, kwenye vibonzo vya Desemba.

Kilichonishinda kuvumilia ni mbio. Katika kurasa ishirini na kitu wanakutana, wanamsaka Hulk, wanamkuta, Thor anaenda Asgard, makao ya miungu wa kwao, na kurudi na Loki begani, Wasp anapendekeza jina la kundi, wamemaliza. Hakuna anayemuuliza mwenzake hata anatoka wapi. Lakini kuna fremu za Hulk akijificha kwenye sarakasi, amepakwa rangi za mcheza vichekesho, anajifanya roboti anayeitwa Mechano mbele ya watazamaji waliolipa kiingilio. Huyu ndiye ambaye kibonzo chake mwenyewe kilikuwa kimefutwa mwezi Machi mwaka huohuo, baada ya matoleo sita tu. Amekosa nyumba, amepewa kona ya sebule ya wengine, na hata hapo amevalishwa joho la kuchekesha. Mwisho wa toleo la pili atakuwa ameshaondoka. Nikisoma hivyo naona toleo zima lina uchungu ambao sidhani waliokuwa wanalikimbiza waliukusudia.

Alama: 6. Mpwa: 4, "kwa sababu ya debe".

Tarehe 7. X-Men 1

Lee na Kirby tena, wino wa Paul Reinman. Shule ya Profesa Xavier, ya vijana waliozaliwa na nguvu zisizo za kawaida, iko Westchester, New York. Wavulana wanne wako mazoezini: Cyclops, Angel, Beast na Iceman. Kisha anafika msichana mpya, Jean Grey, na wavulana wanabanana dirishani kumchungulia akishuka kwenye gari. Beast anajaribu kumbusu. Jean anamnyanyua kwa nguvu za akili na kumzungusha hewani. Nilicheka kwa sauti. Ndiyo salamu yake ya kwanza kwa dunia, na ni salamu nzuri.

Mpwa: "Storm yuko wapi?" Nikaweka kishikwambi chini, hapo palihitaji maelezo. Kundi hili la kwanza ni vijana weupe watano na mwalimu mweupe. Storm anakuja mwaka 1975, na mlango wake ni Kenya: Profesa anamkuta huko akiheshimiwa kama mungu wa mvua, kwenye toleo kubwa la mwandishi Len Wein na mchoraji Dave Cockrum. Jina lake Ororo, mama yake Mkenya. Na toleo lile lilikuja wakati X-Men walikuwa kama wamezikwa, maana tangu mwisho wa 1970 jarida lao lilikuwa likirudia hadithi za zamani tu, hakuna jipya. "Kwa hiyo sisi ndio tuliwaokoa," akasema mpwa. Sikumpinga, ingawa sisi ni Watanzania.

Iceman wa hapa si wa barafu, ni wa theluji, mweupe na laini kama kinyunya cha maandazi. Barafu yenyewe inayong'aa itakuja toleo la 8. Beast naye hazungumzi kama Beast. Yule msomi wa maneno marefu hajazaliwa, huyu ni mkorofi tu anayefoka, ungedhani ameazimwa kutoka Fantastic Four.

Magneto, adui yao mwenye nguvu za sumaku, ndiye amenikaa kichwani. Kabla hajateka kambi ya makombora anaandika tishio lake angani kwa vumbi, na kulitia sahihi. Ni mtu anayetaka uogope na pia usisahau nani amekuogopesha. Amekamilika siku ya kwanza, wakati mashujaa watano bado wanapimiwa nguo.

Alama: 7.

Tarehe 9

Hakuna kazi. Kishikwambi kimegoma kuchaji. Fundi wa mtaani amesema ni mdomo wa chaji, kesho.

Tarehe 11

Kesho imekuwa keshokutwa. Nimeandika upya maoni ya X-Men kwa kalamu kwa sababu yale ya kwanza yalibaki ndani ya kishikwambi kwa fundi. Ya kalamu ni mafupi, na ni bora.

Tarehe 12. Tales of Suspense 45

Nimerudi na bahati imeniletea toleo hili, maana ni hadithi ya mtu ambaye chaji inamwishia. Tony Stark, ndiye Iron Man akivua debe, anapata ajali kwenye mbio za magari. Bondia mstaafu mwenye uso wa msiba, Happy Hogan, anamchomoa kwenye moto. Stark anakataa hospitali, maana kule watamvua shati na kuona bamba la chuma kifuani, lile linaloufanya moyo uendelee kupiga. Anaomba apelekwe chumba cha hoteli ya barabarani. Akibaki peke yake anachomeka waya wa kifua kwenye soketi ya ukutani, kama mimi na simu yangu saa tano usiku.

Don Heck amechora hapo bila makuu: tajiri, ukuta, waya. Hakuna ngumi. Nimeangalia fremu zile muda mrefu kuliko vita vyote vya Jack Frost, yule mwizi wa barafu ambaye toleo limepewa jina lake na ambaye nimeshaanza kumsahau. Mpwa akauliza umeme ukikatika je. Swali la mtoto aliyekulia hapa. Kwa mwandishi wa New York nadhani halikumpitia akilini.

Happy na Pepper Potts, katibu wa Stark, wote wanaanza toleo hili. Hakuna jalada lililopiga tarumbeta. Alama: 7. Nimeanza kuwa na wasiwasi na hizi alama.

Tarehe 14. Journey into Mystery 96 na Tales to Astonish 47

Mawili kwa mpigo, hayakuhitaji zaidi. Thor anapambana na mchawi Merlin aliyeamka kutoka usingizi wa karne nyingi. Ant-Man na Wasp wanapambana na mpiga tarumbeta mwenye muziki wa kuroga. Michoro ya Joe Sinnott kwenye Thor ni safi, kama shati lililonyooshwa, na imelala kama shati hilo. Kila toleo lina kurasa 13 za shujaa, kisha visa vidogo vya kujazia. Miezi miwili mbele Ant-Man atageuzwa kuwa Giant-Man, na nimeelewa kwa nini: walishindwa kupata la kufanya na mtu mdogo kiasi kile.

Nimeandika sentensi tatu kwa kila moja. Hata hivyo sijutii kuyasoma. Bila haya mawili ningedhani nyumba nzima ilikuwa inawaka moto mwezi ule. Haikuwa hivyo. Vyumba vingi vilikuwa vimelala.

Tarehe 16. Fantastic Four 18

Super-Skrull anatoka sayari nyingine akiwa na nguvu zote nne za wapinzani wake. Anarefuka, anawaka, anatoweka, ana ngumi za jiwe. Wanne wanapigwa vizuri tu. Kisha Reed, kiongozi wao, anagundua nguvu zile zinarushwa kutoka nyumbani kwa adui, anatengeneza kifaa cha kuzikata, na Sue, asiyeonekana, ndiye anayekibandika. Wanamaliza kwa kumfungia ndani ya mlima wa volkano.

Leo nimefanya jaribio. Nilikata karatasi yenye tundu, nikawa naiweka juu ya kioo ili kiputo kionekane na uso ufichike, mpwa akisia nani anasema. Ben Grimm, yule wa mawe, alimpata kila mara, hata kwenye kiputo cha maneno matatu. Johnny, yule wa moto, mara nyingi. Reed alimtambua kwa urefu wa sentensi: "Huyu anaelezea kitu." Tukarudi X-Men na tundu letu. Akakosa karibu kila mahali, na Beast akamwita Ben.

Hiki ndicho nilikuwa nakitafuta bila kukijua. Namna yao ya kazi ilikuwa Lee atoe wazo, mchoraji aijenge hadithi kwa picha, kisha Lee aje kujaza viputo. Kwenye toleo la 18 watu hawa wameishi pamoja karibu miaka miwili, na mjaza viputo ameshajua nani atanuna. Kwenye toleo la 1 anabahatisha.

Tarehe 19. Amazing Spider-Man 4

Nimechelewa makusudi kulifikia, nikijua litanimalizia hamu. Steve Ditko amechora. Adui ni Sandman, mwizi aliyegeuka mchanga: ukimpiga ngumi inapita, ukimfunga anamwagika.

Katika pambano la kwanza kinyago cha Spider-Man kinachanika. Hajashindwa kwa nguvu, amechanikiwa nguo, na inabidi akimbie akiwa ameficha uso. Halafu Ditko anatupa kile ambacho hakuna toleo lingine la mwezi huu lingethubutu: kijana ameketi chumbani, sindano na uzi mkononi, anashona.

Mama alikuwa anapita na beseni. Yeye ameshona nguo za shule za nusu ya mtaa huu kwa miaka thelathini, hawezi kupita kitu kinachoshonwa bila kusimama. Akainama juu ya kishikwambi.

"Huyu nani?"

"Ndiye Spider-Man, Mama. Kinyago kimechanika."

"Hana mama?"

"Ana shangazi. Lakini shangazi hajui."

Akaomba nikuze picha. Nikakuza. Akaangalia mikono, si uso. "Hapo anapiga bandi tu. Kitambaa cha kuvuta kama hicho ukikipiga bandi kinaachia siku hiyohiyo. Na angeshona kwa ndani, akageuza." Kisha akaongeza, akiondoka: "Maskini. Anashona kama mtu anayeogopa mlango utafunguliwa."

Nimesoma maoni mengi juu ya Ditko na mikono anayoichora. Hakuna lililonifikia kama hilo. Mama hajui kitu kuhusu siri ya utambulisho, lakini ameiona kwenye viganja.

Mengine ya toleo hili yanafuata njia hiyohiyo, ya mambo madogo yanayoudhi. Peter, yaani Spider-Man bila kinyago, anamwahidi Liz, mwanafunzi mwenzake, matembezi, anashindwa kwenda. Sandman anajificha shuleni, na akiwa pale anamtaka mwalimu mkuu ampe cheti, kwa kuwa aliacha masomo. Mwalimu mkuu anakataa, mbele ya jitu la mchanga, cheti hakitoki. Mpwa alipiga makofi hapo kuliko kwenye ngumi. Mwisho Sandman anashindwa kwa mashine ya kufyonza vumbi ya mfagizi wa shule. Na Peter, ambaye hakupata picha za pambano, anarusha mchanga hewani na kuupiga picha akauze gazetini. Shujaa wetu ameghushi. Hakuna anayemkamata, na hadithi haimwombei radhi.

Nilitaka kuandika 9. Sikuandika kitu.

Tarehe 22. Strange Tales 112

Hadithi yenyewe: Johnny Storm, yule wa moto wa Fantastic Four, peke yake dhidi ya Eel, mwizi wa nguo za umeme. Mtangazaji wa televisheni anamsema Johnny vibaya, kwamba anatafuta sifa tu, na kijana anaumia. Mwishoni anajitia kwenye mlipuko wa atomu kuokoa mji na nusura afe. Kwa toleo la kurasa chache imejitahidi.

Kilichonisimamisha ni jina la mwandishi. Imeandikwa Joe Carter. Joe Carter ni Jerry Siegel, yule aliyemuunda Superman pamoja na Joe Shuster. Mwaka 1938 wawili hao waliuza haki zote za Superman kwa dola 130. Miaka ishirini na mitano baadaye, muasisi wa biashara nzima anaandika kisa cha nyongeza cha kijana wa moto, kwa kampuni pinzani, chini ya jina la bandia. Mwaka 1975 ndipo wenye Superman walikubali kuwapa malipo ya kila mwaka na kuyarudisha majina yao.

Nikarudi kwa yule mtangazaji anayemwambia kijana kwamba kazi yake yote ni kujitafutia jina. Sitadai Siegel alikuwa anajisemea. Lakini nimeisoma mara ya pili polepole.

Tarehe 24. Nje ya orodha

Nimeiba siku moja kwenda ng'ambo ya barabara. Justice League of America 22, ya DC, kampuni pinzani yenye Superman, nayo ni Septemba 1963: sehemu ya pili ya mkutano wa mashujaa wa zama zile na wale wa miaka ya 1940 kutoka Dunia ya Pili, ulimwengu wa sambamba. Gardner Fox ameandika, Mike Sekowsky amechora. Mkutano ulipendwa hata ukawa desturi ya kila mwaka. Mpango wake umefungwa vizuri kuliko chochote nilichosoma mwezi huu, kila ufunguo una kufuli lake.

Tukaleta karatasi yenye tundu. Mpwa akashindwa wote. Si kwa kubahatisha vibaya, alishindwa kabisa, akasema, "Mjomba, wote ni mtu mmoja." Wanaongea kama wajumbe wa kikao kinachokwenda vizuri.

Na hawa ndio waliokuwa wanashika koo la jirani. Marvel ilikuwa ikisambaziwa majarida yake na Independent News, kampuni ya haohao wenye DC, na kwa miaka ilipewa nafasi ya takribani majarida manane tu kwa mwezi. Ndiyo maana Thor na Iron Man walikuwa wamebanwa kwenye majarida yenye majina ya zamani ya visa vya kutisha, na ndiyo maana Avengers na X-Men walianza kwa kutoka kila baada ya miezi miwili. Wapangaji wengi, vyumba vichache.

Tarehe 27

Nimefuta alama zote. Nilizipanga mezani nikaona Avengers wana 6 na X-Men 7, na nikajiuliza ile moja ya juu imetoka wapi. Imetoka kwa Storm, ambaye hayumo. Nilikuwa nampa mtoto mchanga maksi za kidato cha sita kwa sababu namjua alivyokuwa mkubwa. Maoni ya Avengers nimeyaandika upya bila kutaja filamu hata moja. Yamepungua nusu.

Mpwa amepinga kufutwa kwa 4 yake. Nimeiacha pembeni kwa penseli.

Tarehe 30

Matoleo yote manane yamesomwa, maoni manane yameandikwa, moja la ziada la DC. Sergeant Fury nimelipitia jana usiku: Reed Richards anaonekana humo kama ofisa wa vita kule Italia, kwa kurasa chache, nikafurahi kama niliyekutana na jirani stendi. Maoni ya Thor bado ni sentensi tatu na yatabaki tatu. Ya Spider-Man yamefika kurasa sita na lazima nikate, ila sehemu ya Mama haikatwi.

Mpwa anasafiri kesho. Ameomba tuendelee na Oktoba kwa simu, kwa sababu Spider-Man hatakuwa tena wa kila miezi miwili, namba 5 inatoka mwezi unaofuata. Karatasi yenye tundu ameichukua.

Jioni Mama alikuja na kikombe cha chai akasimama nyuma yangu, akaona nimefungua fremu ileile.

"Bado hajapata cherehani?"

Nikamwambia nitaangalia.